Mtabiri Hupimwa Anapokosea: Namna ya Kuukagua Udhibiti wa Kasi ya Mota

Grafu ya kwanza utakayoonyeshwa huwa ni ileile. Mota imesimama, agizo linaruka kutoka sifuri hadi mizunguko 1,500 kwa dakika, mstari wa kasi unapanda moja kwa moja, unafika na kutulia bila kupitiliza. Chini yake wamechora mstari wa kidhibiti cha kawaida cha PI, ambao unachelewa, unapitiliza, unarudi chini na kuyumba mara mbili ndipo unakaa. Waliomo chumbani wanaitikia kwa vichwa. Wewe uliyeitwa kukagua, uwe mnunuzi wa kiwanda au msimamizi wa mradi wa mwanafunzi, usiitikie bado. Hakuna grafu iliyo rahisi kupendezesha kuliko hiyo. Mota imepoa, haina mzigo, na namba zote zilizomo kwenye programu zimepimwa asubuhi hiyohiyo kwenye mota hiyohiyo. Udhibiti wa kutabiri unaishi kwa kujua mota itafanya nini kabla haijafanya. Ukitaka kuujua ubora wake, upeleke mahali ambapo ulichokuwa ukikijua si kweli tena.

Tuelewane kwanza kinachofanyika ndani. Inveta ya kawaida ya fezi tatu ina swichi sita za transista, mbili kwa kila fezi, na mbili za fezi moja haziwashwi pamoja kwa sababu zitapiga shoti. Inabaki mikao minane tu. Miwili kati yake inaipa mota volti sifuri, kwa hiyo mota inaona volti saba tofauti, basi. Kidhibiti cha kutabiri cha aina inayopendwa na watafiti hupima mikondo na mahali rota ilipo kila baada ya muda mfupi, tuseme maikrosekunde 50, kisha hujiuliza: nikiweka volti hii, mkondo utakuwa wapi hatua ijayo? Nikiweka ile je? Kila jibu hupewa gharama, lenye gharama ndogo hushinda, swichi hukaa hivyo, na baada ya maikrosekunde 50 kazi yote huanza upya. Hayo ni makadirio 140,000 kwa sekunde moja. Aliyecheza bao na wazee wa pwani anaujua mtindo huu: anahesabu kete zitakapolala, anacheza mkono mmoja tu, na mpinzani akishacheza anaanza kuhesabu upya, maana ubao si ule tena.

Wazo lenyewe lilizaliwa kwenye viwanda vya mafuta na kemikali. Mfaransa Jacques Richalet na wenzake walichapisha njia yao mwaka 1978, na wahandisi wa Shell, Cutler na Ramaker, wakatoka na yao karibu wakati huohuo. Huko mambo huenda kwa dakika, kompyuta ya enzi zile ilikuwa na nafasi ya kufikiri. Mota haitoi nafasi hiyo. Joachim Holtz na Stadtfeld waliwasilisha Tokyo mwaka 1983 kidhibiti cha kutabiri mkondo wa mota, lakini chipu za kuifanya njia hiyo kuwa ya kila siku zilikuwa bado. Ndipo miaka ya 2000, José Rodríguez na kundi lake katika chuo cha Federico Santa María, Valparaíso nchini Chile, wakalifanya jambo liwe jepesi kwa hoja ambayo ukishaisikia unajiuliza kwa nini haikusemwa mapema: kama chaguo ni saba tu, hesabu nzito za nini? Jaribu zote saba.

Historia hii ina kazi katika ukaguzi wako, kwa sababu inakuambia mpinzani halali ni nani. Mpinzani wa kidhibiti cha kutabiri ni udhibiti wa uga wa sumaku ambao Felix Blaschke aliuendeleza huko Siemens mwanzoni mwa miaka ya 1970, na udhibiti wa moja kwa moja wa torki uliochapishwa na Takahashi na Noguchi mwaka 1986. Njia zote mbili zimekomaa, zimo ndani ya inveta zinazouzwa dukani, na zikifungwa na mtu anayejua kazi hutoa kasi safi sana. Kwa hiyo ule mstari wa PI unaoyumba mara mbili uutilie shaka. Mwambie mwonyeshaji akupe namba alizozitumia kwenye hiyo PI, mkae naye mzirekebishe. Mara nyingi nusu ya saa inatosha kuondoa nusu ya tofauti.

Tofauti inayobaki nayo ina swali lake: kila upande uliwasha na kuzima swichi mara ngapi kwa sekunde? Kidhibiti kinachofanya uamuzi mara 20,000 kwa sekunde hakiwezi kuiwasha na kuizima swichi moja zaidi ya mara 10,000, na kwa kawaida huwa chini ya hapo sana, kwa kuwa volti ileile mara nyingi hushinda hatua mbili tatu mfululizo. Idadi hiyo hupanda na kushuka kadiri kasi na mzigo vinavyobadilika. Ukilinganisha mikondo miwili, mmoja wa swichi zinazofanya kazi mara 8,000 na mwingine mara 3,000, hujalinganisha vidhibiti. Umelinganisha joto la transista. Mtengenezaji mwaminifu huandika wastani wa swichi chini ya kila grafu, na katika majarida mazuri ya fani hii hilo sasa ndilo jambo la kwanza msomaji mkali kulitafuta. Asipoliandika, si lazima awe anaficha. Pengine hakujua kwamba ni muhimu, na kwangu hilo ni baya zaidi.

Sasa tuje kwenye kasi yenyewe, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoangukia.

Kuna siku kijana mmoja wa mwaka wa mwisho alinifuata karakanani akiwa na kompyuta yake wazi mkononi. "Shikamoo mwalimu. Angalia kasi yangu, haina hata mkwaruzo."

"Marahaba. Imetulia kweli. Umechora kasi ipi?"

"Ya mota, mwalimu."

"Iliyopimwa, au iliyokadiriwa na programu?"

Akanyamaza, akarudi kutazama jina la kigezo. Alikuwa amechora makadirio. Kidhibiti kilikuwa kimetoa ushahidi katika kesi yake chenyewe na kujishindia. Tulipofunga enkoda ya pili upande wa mzigo na kuchora hiyo, mkwaruzo ulikuwepo, na si mdogo. Tangu hapo sikubali grafu yoyote ya kasi bila kujua imetoka kwenye kifaa gani, na kifaa hicho nataka kiwe kile ambacho kidhibiti hakikitumii.

Kwa nini mtu akadirie kasi ilhali ana enkoda? Fuata hesabu. Enkoda ya kawaida yenye mistari 1,024 hutoa alama 4,096 kwa mzunguko mmoja, kwa sababu kila mstari husomwa mara nne. Ukitaka kasi kwa kutoa mahali pa sasa na mahali pa maikrosekunde 50 zilizopita, alama moja inakuwa na thamani ya mizunguko 293 kwa dakika. Mota inayozunguka kwa 1,500 kamili itasomeka 1,465 hatua nyingi, halafu ghafla 1,758, halafu tena 1,465. Mota haijabadilika hata kidogo. Ni hesabu ya mistari tu. Ukishusha kasi hadi mizunguko 30 kwa dakika, alama inakuja baada ya kila maikrosekunde 488, yaani karibu hatua kumi zinapita kidhibiti kikiwa hakina habari mpya yoyote kutoka kwenye shafti.

Fundi mvivu huweka kichujio. Mstari unalainika, lakini kila kichujio huchelewesha, na kidhibiti kinachotabiri kwa kutumia kasi ya jana kinatabiri jana. Fundi mzuri hujenga mkadiriaji: modeli ndogo ya shafti inayoendelea kuzunguka ndani ya chipu sambamba na shafti ya kweli, ikisahihishwa kidogo kila alama ya enkoda inapofika. Wengi hutumia kichujio cha Kalman, kilichochapishwa na Rudolf Kalman mwaka 1960. Mkadiriaji akiwa mzuri, atazijaza zile hatua kumi za kimya kwa makisio yenye akili. Jaribio lake ni jepesi: agiza mizunguko 30, weka kidole kwenye shafti kwa uangalifu, au kitambaa ukiwa na hekima zaidi, uisikie. Ikienda kwa vipande, ikijikwaa na kujikwamua, hakuna grafu itakayokushawishi vinginevyo.

Uliza pia utabiri unaishia wapi. Bidhaa na tasnifu nyingi zinazojiita udhibiti wa kutabiri wa kasi zina PI ya zamani nje, inayoangalia kasi na kuagiza mkondo, na utabiri uko ndani tu, kwenye mkondo. Huo si udanganyifu. Mimi mwenyewe ningeanza hivyo, maana umeme na shafti haviendi kwa mwendo mmoja. Lakini anayekuuzia kitu hicho kwa maneno ya kwamba PI imepitwa na wakati, mwonyeshe PI iliyomo ndani ya mchoro wake.

Wapo wanaoiondoa kabisa na kumwachia mtabiri kasi moja kwa moja. Hapo ugumu ni huu. Chukua mota ndogo ya sevo ambayo inesha yake pamoja na mzigo ni 0.002 kg·m², na torki yake kamili ni 5 Nm. Kwa torki yote hiyo, katika maikrosekunde 50 kasi inaongezeka kwa mzunguko mmoja na kidogo kwa dakika. Tofauti ya kasi kati ya volti iliyoshinda na iliyokuwa ya pili ni sehemu ndogo ya hapo, wakati enkoda yako inaona kwa vipande vya 293. Anayetazama hatua moja mbele kwa kasi hatazami kitu. Lazima aone mbali zaidi, na kila hatua anayoongeza inazidisha njia mara saba: 7, 49, 343, 2,401, na kwenye hatua ya tano 16,807, zote zikihitaji kukamilika ndani ya maikrosekunde zilezile 50. Na hatua tano ni robo ya milisekunde tu. Zipo njia za kukata matawi yasiyo na faida. Mwaka 2014 Tobias Geyer na Daniel Quevedo walichapisha mojawapo inayotupa karibu njia zote bila kupoteza iliyo bora. Wengine huacha kuhesabu mikao ya swichi na kutabiri volti laini inayopitishwa kwenye modyuleta ya kawaida, jambo linaloruhusu hatua ndefu zaidi. Sikupangii upande. Nakuambia uulize: unaona hatua ngapi mbele, na ni milisekunde ngapi? Jibu likiwa hatua moja na jina likiwa ni la kasi, kuna PI au kikadirio kimejificha mahali.

Ucheleweshaji wa hesabu ni jambo fupi lakini linatenganisha watu. Kipimo kinachukuliwa mwanzoni mwa hatua, hesabu inakula sehemu kubwa ya hatua, volti iliyochaguliwa inafika kwenye mota hatua inayofuata. Anayesahau hili anachagua dawa ya ugonjwa uliokwisha kupita. Kwa mota yenye jozi nne za sumaku inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, pembe ya umeme inasonga nyuzi 3.6 katika kila hatua ya maikrosekunde 50. Ukilenga mahali rota ilipokuwa hatua mbili nyuma, umekosea nyuzi zaidi ya saba. Dalili yake inaonekana kwenye osiloskopu ukivuta karibu: mkondo unacheza juu na chini ya agizo kwa viwimbi vikubwa vinavyofanana, hauligusi na kutulia. Ukiwa hapo, mwombe fundi akuonyeshe muda wa hesabu. Mwenye mazoea mazuri ameacha mguu mmoja wa chipu unaopanda hesabu inapoanza na kushuka inapoisha, ili osiloskopu iuone. Usitazame wastani. Iache kwa muda, utazame ule mpana kuliko yote. Hesabu inayomaliza kwa maikrosekunde 32 kwa kawaida na 51 mara moja kwa saa ni hesabu isiyomaliza.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la mzigo. Zungusha mota kwa kasi moja, kisha ukandamize mzigo ghafla bila kumwambia mtu. Kwa ile mota ya mfano, mzigo wa 5 Nm ukidondoka juu yake, kasi inashuka karibu mizunguko 24 kwa dakika katika kila milisekunde ambayo torki ya mota haijajibu. Hakuna utabiri unaoweza kulizuia hilo. Mtabiri anajua mota. Hajui mkono wa mtu anayetia mzigo. Kitu pekee kinachoweza kufanywa ni kuugundua mzigo mapema kutokana na jinsi kasi inavyoanza kushuka, kuukadiria ukubwa wake, na kuuingiza kwenye hesabu. Kwa hiyo kina cha lile shimo kwenye grafu kinapima enkoda na mkadiriaji kuliko kinavyopima utabiri. Ukionyeshwa grafu isiyo na shimo kabisa, tafuta flaiwili: inesha imeongezwa, au mzigo ni mdogo mno.

Kisha usiondoe macho. Subiri kasi irudi, uone inarudi wapi. Kidhibiti cha kutabiri kwa asili hakina ile hesabu ya kulimbikiza makosa iliyomo ndani ya PI, ile inayosukuma na kusukuma mpaka tofauti iishe. Bila kukadiria mzigo, mota itatulia vizuri kabisa, kimya, mahali pasipo penyewe: umeagiza 1,500, imekaa 1,488 na imeridhika. Kwenye grafu ndogo ya ukurasa huwezi kuiona tofauti hiyo. Omba namba. Ondoa mzigo kwa ghafla vilevile uone upande wa pili, maana wapo waliotia ulimbikizaji kwa mlango wa nyuma ili kuficha ile tofauti, na sasa kasi inaruka juu kwa kiasi kilekile ambacho PI ingeruka.

Hapa niseme sifa yake ya kweli, nisije nikaonekana adui. Mota ikikaribia mwisho wa uwezo wake, mkondo umefika kikomo au volti ya inveta imeisha, PI ya kawaida isiyo na kinga huendelea kulimbikiza deni ambalo haiwezi kulilipa, na kikomo kikiisha huruka. Mtabiri aliyejengwa vizuri ana vikomo hivyo ndani ya hesabu yake tangu mwanzo. Anajua kwamba inveta iliyolishwa na umeme wa volti 400 ina takriban volti 565 tu ndani yake, na hapangi safari inayohitaji 600. Mpe agizo kubwa kupita uwezo, tazama atakavyoenda kwenye kikomo, akakaa pale, akatoka bila kuruka. Ikiwa mtengenezaji amekata agizo la mkondo kwa mstari mmoja wa programu baada ya hesabu kwisha, badala ya kukiweka kikomo ndani ya hesabu, jaribio hili litamuumbua.

Faida nyingine ni pale njia ya mbele inapojulikana. Mashine ya kuchonga chuma inajua kona inakuja. Lifti inajua inasimama ghorofa ya sita. Mtabiri akipewa agizo la baadaye pamoja na la sasa, huanza kupunguza kabla, jambo ambalo PI haiwezi kwa asili yake. Nashangaa ni wangapi wanaojenga kidhibiti cha kutazama mbele halafu wanakilisha agizo la sasa tu.

Baada ya hapo, joto. Iache mota izunguke na mzigo kwa saa nzima, kisha urudie ile grafu ya kwanza uliyoonyeshwa ulipoingia. Ukinzani wa shaba huongezeka takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo koili iliyotoka nyuzi 25 hadi 125 ina ukinzani wa karibu asilimia 39 zaidi. Sumaku za neodimiamu nazo hupoteza kama asilimia 0.1 ya nguvu kwa kila nyuzi, ambayo kwa nyuzi 100 ni sehemu ya kumi ya torki. Cha kushangaza, ule ukinzani unaotisha kwa namba ndio unaosumbua kidogo zaidi. Kwa koili ya ohm 1 na milihenri 8, mchango wa ukinzani katika hatua ya maikrosekunde 50 ni kama sita katika elfu; kosa la asilimia 39 la kitu kidogo hivyo halionekani kwenye mkondo, ingawa kwa kasi ndogo sana linaweza kumpotosha anayekadiria sumaku ya ndani.

Adui ni induktansi. Inashuka chuma kinaposhiba mkondo mkubwa, tena ndani ya milisekunde, bila kungoja joto. Programu ikiamini induktansi ni kubwa kuliko ilivyo, inaagiza volti nyingi kuliko inavyohitajika, mkondo unaruka upande wa pili, hatua ijayo unarudishwa kwa nguvu ileile, na viwimbi vinanenepa. Kwa hiyo mwombe fundi akufanyie jambo ambalo halipendi: abadilishe induktansi ndani ya programu kwa makusudi, aipunguze kwa nusu, kisha aizidishe mara moja na nusu, mota ikiwa inazunguka. Ninachotafuta si kwamba isibadilike. Nataka iharibike polepole. Kidhibiti kinachokwenda vizuri kwa namba sahihi na kupiga kelele namba ikikosewa kwa asilimia 20 kimejengwa kwa ajili ya onyesho. Kinachonenepa viwimbi kidogo, kikaendelea kushika kasi, kimejengwa na mtu aliyewahi kulala karibu na mashine.

Kuhusu uzito ndani ya hesabu ya gharama nitapita haraka. Torki hupimwa kwa Nm, sumaku kwa weber. Ili kuzijumlisha lazima moja izidishwe kwa namba fulani, na namba hiyo hutafutwa kwa kujaribu. Uliza ilipatikana kwenye kasi gani na mzigo gani, kisha pima kwingine. Na ukiona hesabu yenye vipengele saba, kila kimoja na uzito wake, ujue kila kipengele kiliongezwa siku ambayo kitu kiligoma.

Sikio nalo litumie. Inveta yenye modyuleta ya kudumu, tuseme ya kilohezi 4, hupiga mluzi mmoja mwembamba ambao ukishauzoea huusikii tena. Kidhibiti kinachochagua mikao ya swichi moja kwa moja hakina mluzi. Kina mchakacho uliosambaa, kwa kuwa swichi hazifuati saa moja. Mchakacho peke yake si kosa, na wapo wanaoupenda. Kosa ni mngurumo wa chini unaoingia na kutoka ndani ya mchakacho, hasa mota ikiwa nyepesi na ya polepole, kidhibiti kinapong'ang'ania volti sifuri kwa hatua nyingi halafu kupiga moja kubwa. Mngurumo huo unafika kwenye shafti, na beringi na gia zitaulipia. Gusa ganda la mota baada ya lile jaribio la saa nzima, mota ikiwa imezimwa, ulinganishe joto lake na la mota ileile ikiendeshwa na inveta ya kawaida kwa kazi ileile. Mkondo mchafu unageuka joto, na joto halisomi tangazo.

Mahali ambapo njia hii imejilipa bila ubishi ni kwenye inveta kubwa za volti za kati, zile za megawati, ambako kila kuwasha na kuzima swichi kunakula nguvu nyingi na mhandisi anaruhusiwa mara mia chache tu kwa sekunde. Geyer alianzia hapo, kwa tasnifu yake ya ETH Zürich mwaka 2005 na kazi iliyofuata huko ABB: ukiwa na mapigo machache, kuyachagua vizuri ni pesa. Kwenye sevo za mashine za kuchonga pia inafaa, na kwenye kreni, na popote agizo linabadilika kila wakati na vikomo viko karibu.

Kwenye pampu ya kisima inayojaza tangi, hapana. Tangi halijali kama kasi ilifika kwa milisekunde 40 au kwa sekunde mbili, na ikifika polepole bomba linashukuru. Mashine ya kusaga unga nayo hupokea mzigo ghafla mahindi yakimiminwa, ni kweli, lakini kasi ikishuka kwa mizunguko hamsini unga hautoki tofauti, na flaiwili imekuwa ikiifanya kazi hiyo tangu kabla ya transista. Mwenye mashine kama hiyo akiletewa mtu wa kumuuzia udhibiti wa kutabiri, anunue inveta ya kawaida yenye dhamana na fundi aliye karibu, na pesa itakayobaki aiweke kwenye beringi.